Kornelio Magige, Mpiga Dramu Aliyeukata Wimbo

Baada ya miaka thelathini na sita ya kuipigia dramu bendi ya Radi, Bwana Kornelio Magige ataweka chini vijiti vyake Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, alasiri, katika uwanja wa Genkuru. Kijitabu hiki kitagawiwa mapema, kabla bendi haijamaliza kufunga vyombo, na nina sababu ya kutaka kisomwe mapema.

Kamati ya Wapenzi wa Radi imenipa mimi kazi ya kuandika kwa kuwa, walisema, nimeifuata bendi tangu ilipokuwa na spika moja. Hawakumbuki vizuri. Spika zilikuwa mbili, ila moja ilikuwa ya kuonekana tu.

Nianze na jambo linaloninyima raha. Nimesikia, na aliyeniambia hana kawaida ya kusema uongo, kwamba baadhi yenu mmepanga kumpokea mstaafu kwa kugonga. Akianza tu kupanda jukwaani, uwanja mzima ugonge meza, viti, chupa na madebe kwa mdundo wa "Pandeni", mpaka aone haya kukataa, aupige kwa mara ya mwisho wimbo ambao hajaupiga tangu mwaka 1994. Nawaelewa. Wimbo huo naupenda kuliko ninyi nyote. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjashika debe lolote. Kilima kiko palepale juu ya uwanja, na Jumamosi watu watakuwa chini.

Kornelio alizaliwa Gorong'a mwaka 1961, katika familia ya wakulima na wafugaji. Baba yake alicheza ngoma ya litungu, lile zeze kubwa la kwetu, akiwa amevaa vile viatu vizito vya mbao, na wanaojua muziki wanasema mguu wa kulia wa Kornelio, ule unaokanyaga dramu kubwa, haukufundishwa na mtu, ulirithiwa. Yeye mwenyewe hasemi. Kornelio hasemi mengi juu ya chochote. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, ukimuuliza habari za ng'ombe anasema wapo, na hapo mazungumzo yamekwisha, nenda kwako.

Kabla ya muziki alikuwa mchimbaji. Dhahabu ilipoanza kuvuta watu kutoka Musoma, Mwanza na ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambako wengi wetu tuna wajomba na mashangazi, yeye alikuwa tayari yuko kilimani Genkuru, amefunga tochi kichwani kwa mpira wa baiskeli, akishika nyundo katika duara la mtu mwingine. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Watu wa hapa hawahitaji kuelezwa, ila wageni wetu wa Mugumu na Nata wanisamehe. Maduara ya kilima kile juu yalitengana, lakini chini yalifuata mwamba mmoja, na watu wa duara hili walikuwa wakisikia kikohozi cha watu wa duara lile.

Ndiyo maana kulikuwa na hodi. Kabla hujawasha utambi wa baruti unachukua nyundo na kuugonga mwamba: mara tatu polepole, mara mbili haraka. Maana yake tunalipua, pandeni. Jirani akisikia anajibu kwa kugonga mara mbili haraka. Maana yake tumesikia, tunapanda. Jibu hilo ndilo ruhusa. Aliyepiga hodi akishajibiwa anawasha utambi mrefu, anapanda juu, anatundika kitambaa chekundu, na watu wa pande zote mbili wanasimama juani, kila mmoja kwenye mdomo wa duara lake, wakionana, mpaka mlipuko upite. Hapakuwa na king'ora. Palikuwa na nyundo, na kila aliyeshuka chini alifundishwa hodi hiyo kabla hajaonyeshwa pa kukojoa.

Mwaka 1989 Oduol, mtoto wa shangazi yangu wa Migori, alivuka mpaka akiwa na gitaa la umeme na mfuko wa kanda za kaseti. Muziki uliokuwamo aliuita roki. Sisi tuliuita kelele za Oduol. Gitaa lake lilikoroma, na alipolipiga mara ya kwanza kule Nata, mzee mmoja aliuliza kwa huruma kama spika inaumwa. Shida yake ilikuwa moja, hakupata mpiga dramu wa kusikika mbele ya gitaa hilo. Basi siku moja alikuja kilimani kwenye kibanda changu, nilikokuwa nikiuza ugali na samaki, akamkuta mchimbaji mmoja anasubiri chakula na kugonga meza kwa vijiko viwili. Oduol alisahau hata kunisalimia. Akamwambia, "Omera, ndugu yangu, wewe unajipoteza huko chini." Kornelio akauliza kama ugali umeiva.

Dramu zilinunuliwa ng'ambo na kuvushwa Sirari kwa baiskeli, vipande vipande. Pale mpakani afisa mmoja akataka kujua sufuria hizi zisizo na vitako ni za kupikia nini. Kornelio alizipanga kando ya barabara, akakalia kreti la soda, akapiga, na foleni nzima ikacheza. Afisa akaziruhusu, akaomba tu ajulishwe siku ya onyesho. Kisha akaja Agustina kutoka Nata, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, mwenye sauti iliyopita juu ya gitaa la Oduol kama mwewe juu ya vifaranga. Bendi ikakamilika.

Tulichoipendea Radi kuliko bendi zote ni kwamba haikukata wimbo. Kule Mugumu, kwenye harusi, mvua ya mawe ilishuka katikati ya wimbo. Watu wakakimbia. Bwana harusi naye akakimbia, akamsahau bibi harusi, na ndoa ile ilianza kwa maelezo mengi. Oduol alichomoa gitaa kwa kuogopa umeme, lakini Agustina aliimba na Kornelio alipiga mpaka mwisho, wakisikilizwa na mbuzi wawili. Kule Nata jukwaa lilivunjika mguu upande mmoja. Kornelio alipiga amelala ubavu, akamaliza. Tukapata msemo: "Radi haikati." Mtu akianza kupalilia shamba akalimaliza, tulimwita Radi. Mdogo wangu Odongo, aliyekuwa mchimbaji, aliuandika msemo huo kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba ya mama, na mama alimchapa ilhali amekwisha kuota ndevu.

Ukumbukeni msemo huo, nitaurudia.

Mwaka 1993 wakatunga "Pandeni". Maneno yake yalikuwa machache. Mwanamke anawaita walio chini wapande, ugali umeiva, jua bado lipo. Lakini kilichoufanya wimbo ule uwe moto ni mwanzo wake, na mwanzo ule Kornelio aliutoa chini kilimani. Aliichukua hodi ya nyundo, nzima kama ilivyo, akaiweka kwenye dramu. Mara tatu polepole, mara mbili haraka. Sisi tuliosimama mbele tukajibu kwa makofi mawili. Hakuna aliyetufundisha. Nusu yetu tulikuwa watu wa kilimani, mikono ilijibu yenyewe. Gitaa likaingia. Nilisikia mwili wote unasisimka, na mpaka leo nikiukumbuka mwanzo ule nasisimka, nisiwafiche.

Sina namna ya kuwaeleza vijana jinsi wimbo ule ulivyotapakaa. Mabasi ya Mwanza yalitoka stendi ya Tarime yakiupiga kwa honi. Wanawake waliutwanga kwenye vinu. Watoto waliugonga kwenye madebe njia nzima ya kisimani. Kwaya moja, sitaitaja, iliuingiza katika pambio na mchungaji hakugundua. Wachimbaji nao waliugonga hukohuko chini kwa moko, ile patasi ya kuchimbia mwamba, na nyundo, kwa kujifurahisha. Ikafika mahali ambapo huwezi kugonga tatu na mbili mbele ya mtu yeyote wa Mara asikujibu mbili. Ulikuwa ugonjwa, na tulifurahi kuugua.

Wazee wa maduara hawakufurahi. Mmoja wao alimfuata Kornelio kibandani kwangu, mimi nikiwa nakaanga samaki, akamwambia, "Mura, kijana wangu, umeichukua kengele yetu ukaipeleka pombeni." Kornelio wakati ule jina lake lilikuwa linaimbwa mpaka Kisii, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akimjibu mzee haraka. "Baba, nimewafundisha watu wote. Sasa hata mgeni anaijua." Ilikuwa kweli, na ubaya ulikuwa humohumo.

Ilikuwa Jumamosi ya mnada, Agosti 1994, jua likiwa kali, uwanja huuhuu. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya mapipa, na Kornelio alikaa akitazama kilima. Odongo alikuwa duarani na wenzake wawili, Mogesi na Nikolaus. Walikuwa wamemwahidi mwenye duara kwamba watamaliza kazi siku ile, na iliwauma kulikosa onyesho. Walichokuwa wakikipata ni sauti ya dramu kubwa tu, ikiwashukia kwa mbali kupitia mdomo wa shimo. Juu alikuwapo mtu mmoja wa kushika kamba, na huyo alikuwa ameupa mgongo mdomo wa duara ili aone uwanja.

Radi wakaanzisha "Pandeni". Uwanja ukajibu mbili.

Wakati wimbo unaendelea, watu wa duara la jirani walikuwa wamekwisha kushindilia baruti. Wakagonga. Tatu polepole, mbili haraka. Hawakukosea chochote, nataka hilo lieleweke, walipiga hodi kama walivyofundishwa. Kule kwa akina Odongo mwamba ukagonga, na dramu inasikika kutoka juu, na wimbo ni uleule. Nikolaus, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na mcheshi kuliko wote, akacheka akasema, "Hata jirani wanacheza." Akachukua nyundo akajibu mbili, kama sisi sote tulivyokuwa tunajibu.

Upande wa pili wakasikia mbili. Wamesikia, wanapanda. Wakawasha utambi.

Yaliyofuata Kornelio amenisimulia mara moja tu, tena kwa maneno ya kuhesabika, na mengine nimeyapata kwa Odongo. Akiwa katikati ya ubeti wa pili, Kornelio aliinua macho akaona kitambaa chekundu juu ya mdomo wa duara moja, na watu wamesimama kando yake. Akatazama duara la pili. Pale palikuwa na mtu mmoja, mshika kamba, anacheza. Watu wa kitambaa walikuwa wameshtuka, wanapunga mikono, wanapiga kelele. Mshika kamba akadhani wanacheza naye. Akawapungia, akawapigia makofi mawili.

Mkono wa Kornelio ukasimama hewani. Akakata wimbo.

Gitaa liliendelea kidogo peke yake, likafa. Agustina akageuka nyuma na mdomo wazi. Uwanja mzima ukaja juu. "Radi haikati! Radi haikati!" Chupa ya kwanza ikapiga dramu. Kornelio aliruka chini ya jukwaa, akaangusha dramu zake mwenyewe, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimvuta shati na kumtukana, akakimbia kuelekea kilimani na viatu vyake vyeupe vya onyesho. Vijiti bado vilikuwa mkononi. Siku nyingi baadaye nilijiuliza kwa nini, alipokuwa na vijiti na dramu na spika pale, hakupiga hodi. Jibu ni rahisi na linaumiza. Angepiga hodi gani? Aliyokuwa nayo alikuwa amekwisha kuwagawia walevi wote wa mkoa.

Mimi, niliyekuwa nimeshusha biashara yangu pembeni mwa uwanja siku hiyo, niliona upande anaokimbilia. Lile lilikuwa duara la Odongo. Niliacha masufuria na moto unawaka.

Chini, kimya kilikuwa kimewafikia. Nikolaus akasema mafuta ya jenereta yamekwisha. Inawezekana, mafuta yalikuwa yanakwisha kila siku. Lakini Odongo alikuwa mpenzi wa Radi kuliko alivyokuwa Mkristo. Alijua kwamba mafuta yakiisha gitaa hunyamaza na dramu inaendelea, na kilichonyamaza ni dramu. Alisimama na moko mkononi, akasikiliza, akasema, "Radi haikati." Akautupa moko akaanza kupanda magogo yaliyokuwa ngazi ya shimo. Mogesi alimfuata bila kuuliza. Nikolaus alibaki nyuma akiwacheka, halafu akachoka kucheka peke yake, akageuka kuchukua mfuko wake wa mawe, kwa sababu jasho la siku nzima haliachwi shimoni kwa ajili ya wimbo.

Nilipofika, Odongo alikuwa ametoka, amepiga magoti anatapika vumbi. Mogesi akatoka. Watu wa kitambaa walikuwa wanatuita turudi nyuma, turudi nyuma. Kornelio alikuwa amelala kifudifudi, kifua kizima kimeingia shimoni, anapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: "Nikolaus! Mura, panda! Acha mawe, panda!" Nilimshika Kornelio mguu mmoja, mshika kamba akashika wa pili. Nikauona mkono wa Nikolaus ukitokea gizani, na Kornelio akakikamata kifundo chake.

Ardhi ikapiga. Sijui neno jingine. Vumbi likatoka mdomoni mwa duara likatufunika sote, na kwa muda sikujua nani yuko na nani hayuko. Nilijua tu kwamba mguu nilioushika bado unavuta. Vumbi lilipotulia, Kornelio alikuwa amekaa chini na Nikolaus mapajani pake, na kile kifundo hakukiachia hata tulipomwambia amekwisha kutoka.

Nikolaus alikuwa mzima, isipokuwa damu ilikuwa inamtoka masikioni. Hakusikia tena, wala hajasikia mpaka leo.

Wiki iliyofuata walikuja watu wa Migori waliotaka kuirekodi Radi, na walichokuwa wanakitaka ni "Pandeni". Kornelio akawaambia wenzake kwamba wimbo huo hautapigwa tena. Oduol akapendekeza uondolewe mwanzo tu. Kornelio akasema watu wataujaza mwanzo wenyewe kwa mikono, na alisema kweli. Watu wa Migori wakaondoka. Oduol akaondoka pia kwa hasira, akakaa ng'ambo karibu mwaka mzima, na binamu yangu huyo akija nyumbani kwetu alikuwa hataki hata jina la Kornelio litajwe mezani. Agustina alibaki, ingawa alilia. Bendi ikashuka kutoka viwanja vilivyojaa mpaka harusi ndogo na misiba. Kule Mugumu mashabiki waligonga meza tangu onyesho lianze, tatu na mbili, tatu na mbili, wakimlazimisha. Kornelio aliweka mikono juu ya mapaja akakaa hivyo mpaka wakachoka. Wengine walidai viingilio vyao. Kuna aliyemtemea mate.

Oduol alirudi. Ametuambia mwenyewe sababu, na nina ruhusa yake kuiandika. Alikwenda kumtembelea Odongo, mtoto wa mjomba wake, akamkuta amembeba mwanawe wa kwanza. Akambeba na yeye, akamrudisha kwa baba yake, akavuka mpaka kulifuata gitaa lake, akarudi nalo kwa Kornelio.

Sasa nifike kwenye kazi kubwa ya mstaafu wetu, ambayo haimo katika kanda yoyote. Alizunguka maduara yote ya kilima, moja baada ya jingine, akaomba msamaha, akawaomba wachimbaji wasigonge tena kwa mchezo. Alikwenda stendi ya Tarime akakaa na madereva. Alimfuata hata yule mchungaji wa pambio, ambaye hapo ndipo alipogundua. Kila mwenye kaseti ya "Pandeni" alimpa kaseti nyingine ya nyimbo mpya, akaichukua ile ya zamani. Na popote alipomkuta mtu anagonga meza tatu na mbili, baa, sokoni, harusini, alimwendea akauweka mkono wake juu ya mkono wa mtu huyo. Aliuweka tu, mkono ule mzito wa nyundo, mpaka mtu atulie. Wengine walimsukuma. Aliurudisha.

Wanamuziki wote hufanya kazi ili wimbo wao ukumbukwe. Huyu amefanya kazi miaka thelathini ili wake usahaulike, na ulikuwa mzuri kuliko nyimbo zake zote. Siwezi kusema haikuniuma. Iliniuma kila onyesho.

Mwaka jana nilipanda kilimani kumpelekea chakula mtoto wa Odongo, yule yule aliyebebwa na Oduol, ambaye naye amekuwa mchimbaji, damu haijifichi. Nilikuwa nimekaa na wachimbaji vijana kwenye kivuli cha turubai, simu zao mikononi, wananicheka kwa kupanda mlima na umri wangu. Hodi ikagonga kutoka chini. Tatu polepole, mbili haraka. Vijana wale walisimama wote kwa pamoja. Simu zikaingia mifukoni. Mmoja akainama juu ya shimo akaanza kuita majina, na watu wakapanda, wakasimama juani, wakatazamana na jirani zao. Hakuna aliyepiga kofi hata moja. Pale turubaini mikono iliyokuwa inawasha kujibu ni miwili tu, ya kwangu, na niliikalia.

Kengele imerudi mahali pake. Imechukua miaka thelathini kuirudisha. Mkigonga Jumamosi mbele ya maelfu ya watu, na kila mwenye simu akarekodi, na wiki ikiisha watoto wote wa Tarime na Serengeti wakawa wanagonga madebe, mtaiondoa tena kwa alasiri moja. Huko chini simu hazishiki. Bado ni nyundo.

Katika miaka hii yote Kornelio amepiga pia nyimbo nyingine nyingi, na ingekuwa utovu wa adabu kutozitaja, maana tumezichezea mpaka viatu vikaachama. Amefundisha wapiga dramu wa bendi tatu. Nafasi yake katika Radi inachukuliwa na Agness, binti wa Mogesi, yule aliyepanda bila kuuliza. Agness anapiga kwa nguvu kuliko mwalimu wake na anaongea kuliko redio, kwa hiyo bendi imepata faida mara mbili. Kornelio amemfundisha nyimbo zote isipokuwa mmoja.

Na wale msiomjua Nikolaus, mtamwona Jumamosi. Ni yule mwanamume mwenye kofia ya kijani anayesimama kando ya dramu kubwa, ameweka kiganja ubavuni mwake. Amesimama hapo katika kila onyesho tangu alipopona, Tarime, Mugumu, Nata, popote. Anapata wimbo kwa mkono. Kornelio haanzi kupiga mpaka kiganja kile kiwe mahali pake, na kama Nikolaus amechelewa basi, sote tunasubiri. Mimi hujiita shabiki namba moja wa Radi, lakini Nikolaus akiwapo nanyamaza.

Utaratibu wa Jumamosi, basi, ni huu, na ameuomba mstaafu mwenyewe. Wimbo wa mwisho utakuwa mpya, msijaribu kuukisia. Katikati ya ubeti wa pili Kornelio ataukata. Atavishusha vijiti. Msikasirike, msipige kelele, msigonge, na kwa ajili ya Mungu msipige makofi mawili. Tutakaa kimya, tuwasikilize walio juu ya kilima na walio chini yake. Nikolaus atakapouondoa mkono wake kwenye dramu, atakuwa ametuambia kwamba imetulia kabisa. Hapo ndipo tuinue mikono yetu yote juu, mitupu, ili Kornelio aione kutoka pale alipokaa.

Baada ya hapo kuna kichuri, utumbo uliopikwa na nyongo yake, na ugali, na mama Efrazia, mke wa mstaafu, ambaye tunamshukuru kwa kutuazima mume wake kila mwisho wa juma, ameahidi kwamba nyama inatosha.

Mzee Kornelio, ng'ombe wako wanakusubiri Gorong'a, na kahawa yako imezongwa na magugu, nimeiona. Asante kwa nyimbo ulizotupa na kwa ule uliotunyang'anya. Asante kwa mdogo wangu. Umekaa chini ya kazi hii muda mrefu kuliko yeyote wetu. Tumegonga, na umesikia. Panda sasa, mzee wetu. Ugali umeiva, na jua bado lipo.

Vivian Abonyo
Katibu, Wapenzi wa Radi, Tarime